Injini ya Pili

Soweto West, Kibera
Jumatatu, 4 Machi 1996

Mama Valentine,

Najua hutaki kuona mwandiko wangu. Kamene wa sukuma wiki amekubali kukuletea barua hii kwa kuwa genge lake liko mbele ya mlango wako hapo Silanga. Nimemwomba asingoje jibu. Ukitaka kuichana, ichane baada ya kuisoma.

Tangu tumzike mumeo Sifuna Agosti iliyopita nimekaa kimya. Unajua kwetu aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho ndiye husimama mbele ya ukoo akaeleza. Mimi nilinyimwa. Kaka yake alisema muuaji hazungumzi kwenye kaburi la aliyemuua, watu wakaitikia, nami nikarudi kuketi nyuma ya masufuria. Neno hilo limenifuata hadi Kibera. Kwaya imeniondoa. Jirani zangu wakiniona wanaita watoto wao ndani.

Mama Valentine, mimi sikulala kazini. Kampuni ya kokoto imeandika kwamba dereva Khamala alisinzia, treni ikarudi nyuma kwenye ule mlima wa machimboni, na mshika breki wake akafa chini ya behewa. Ni uongo. Mabehewa yakijaa kokoto, mlima ule hupandwa na injini mbili. Siku ile tulipewa moja. Ya pili ilikuwa gereji, imefunguliwa tumbo. Wakubwa wanasema injini moja inatosha, na kwamba asiyetosha ni mimi.

Baada ya kelele nyingi wamekubali kunisikiliza Ijumaa tarehe 22, nawe wamekuita kama mjane. Nakuomba uje. Sitaleta maneno, maana maneno yangu siku hizi hayana mnunuzi. Nitaleta treni ndogo ya mabati, na mlima wake, na kokoto zake. Nitaiendesha kwa injini moja uone inavyoshindwa, kisha kwa mbili uone inavyoweza. Ukishaona, useme mwenyewe ni nani aliyemuua mume wako.

Ambrose Khamala

---

Soweto West, Kibera
5 Machi 1996

Kwa Fundi Mutie Musyoka, Kawangware

Hunijui. Mimi ni Khamala, muumini wa kanisa moja huku Soweto West. Dada yako Kamene amenionyesha lile trekta la makopo ulilomtengenezea mwanawe, linalotembea lenyewe kwa mota ya kaseti. Ni kazi safi.

Nataka treni. Iwe na mabehewa sita ya kubeba kokoto za kweli, ndogo ndogo, na ubao wenye reli inayopanda mlima. Injini ziwe mbili, zinazofanana na zenye nguvu sawa. Sharti kubwa ni hili: mabehewa yakiwa yamejaa, injini moja peke yake isiweze kufika juu. Mbili zikiunganishwa, ziweze. Tafadhali usilisahau.

Ni ya watoto wa shule ya Jumapili. Tunataka kuwafundisha umoja. Naihitaji kabla ya tarehe 22, nami siwezi kuja Kawangware kwa kuwa nafanya kibarua cha mjengo kutwa. Kamene anapita kila siku, atatubebea barua.

A. Khamala

---

Kawangware
8 Machi 1996

Bwana Khamala,

Barua yako ilifika ikinuka dania, kwa hivyo najua Kamene aliitunza. Salamu naziweka kando kwanza, mpaka nipoe, maana umenitusi bila kujua.

Nimeisoma mara mbili. Nikamsomea jirani yangu anayeziba masufuria, akaniuliza, "Huyo jamaa amekunywa nini?" Bwana, mimi ni mtu wa Machakos. Babu yangu alichonga, baba yangu alichonga, na mimi nilipokosa mti mzuri hapa Nairobi nikahamia mabati. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuombwa atengeneze kitu ili kishindwe. Mteja huja akisema, fundi, nifanyie kitu chenye nguvu. Wewe unataka niketi hapa nipime udhaifu kwa kijiko.

Halafu kuna jambo ambalo hukulifikiria. Mota za kaseti hazizaliwi pacha. Hata ukizitoa kwenye redio mbili za aina moja, ipo itakayokimbia zaidi kidogo kuliko mwenzake. Ukiziweka kwenye treni moja, ya mbele inavuta, ya nyuma inakuwa mzigo, na mabehewa ya kati yanaruka reli. Wahenga walimaliza maneno: mafahali wawili hawakai zizi moja. Treni ya mchezo huendeshwa kwa injini moja. Ukiona mbili, ujue fundi alishindwa kutengeneza moja.

Na hao watoto wako, nani amekwambia wanakosa somo la kushindwa? Wamezaliwa Kibera, kushindwa wanakuona kila asubuhi. Waonyeshe kitu kidogo cha makopo kinachobeba mzigo mkubwa na kufika juu bila kusukumwa na mtu. Hilo ndilo watakalokumbuka.

Nipe ruhusa nifanye injini moja. Nitakufanyia kazi ambayo kanisa zima litasimama kuitazama.

Mutie Musyoka, fundi

---

Soweto West, Kibera
11 Machi 1996

Fundi,

Sikukuomba mahubiri. Mahubiri ninayapata hapa bure.

Nimesema injini mbili. Mabehewa yakijaa, magurudumu ya injini moja huteleza kwenye chuma, nayo ikishaanza kuteleza mlimani hakuna wa kuirudisha. Hata mtoto aliyekulia kando ya reli hapa Kibera amewahi kuona treni ya mizigo ikipita na injini mbili, na hajawahi kuuliza kama aliyeitengeneza alishindwa. Usinifundishe treni.

Zinazofanana. Zenye nguvu sawa. Moja ishindwe. Kama huwezi, niambie niende Gikomba, wako mafundi huko wanaosikia mteja anachosema.

Khamala

---

Kawangware
20 Machi 1996

Bwana Khamala,

Uliponitishia na Gikomba nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikafanya kazi. Hivyo ndivyo nilivyo.

Kamene anakuletea ubao, mabehewa sita na injini mbili, kama ulivyotaka. Zinafanana hata mimi mwenyewe nazichanganya. Ile yenye alama nyekundu kwenye paa ndiyo iwe mbele siku zote, na ukitaka kuendesha moja peke yake, endesha hiyo. Ile nyingine isiwekwe peke yake. Usiniulize sana, mafundi tuna siri zetu.

Usiiwashe kabla ya siku yenyewe. Mota hizi zinakula betri, na nimeziweka mpya kabisa. Zikichoka mbele ya watu, aibu itakuwa yangu. Kuhusu lile sharti lako, ondoa wasiwasi. Siku hiyo hakuna atakayekuja kulalamika kwangu.

Watoto wakishangilia, nisalimie.

Mutie

---

Soweto West, Kibera
23 Machi 1996

Mutie,

Sikuiti fundi.

Hakukuwa na watoto. Hakukuwa na shule ya Jumapili. Mimi ni dereva wa treni ya kampuni ya kokoto, au nilikuwa, mpaka jana saa sita. Agosti mwaka jana nilipewa injini moja kupanda mlima wa injini mbili. Treni ikateleza, ikarudi, ikamuua Sifuna, mtu niliyekula naye sahani moja kwa miaka. Wakasema nililala. Jana ndiyo ilikuwa siku yangu ya kujitetea, na shahidi wangu pekee alikuwa treni yako.

Nikuambie ilivyokuwa, uisikie yote. Meza ndefu, wakubwa wamepanga viti upande mmoja, mjane wa Sifuna ameketi karibu na dirisha na leso yake ya msiba. Nikaweka ubao. Nikapakia kokoto kwa mkono wangu, kokoto za machimbo yale yale. Nikasema, waheshimiwa, tazameni injini moja inavyofanya. Nikawasha ile yenye alama nyekundu, kwa sababu mtu mmoja wa Kawangware alinielekeza hivyo, na sikuwa nimeijaribu, kwa sababu mtu huyo huyo alinikataza.

Ikapanda. Ikapanda na mabehewa yote sita, haikusita hata kidogo, ikafika juu ikagonga ukingo na kuendelea kuzungusha magurudumu kama inayotafuta mlima mwingine.

Msimamizi wetu alipiga makofi. Akasema, "Khamala, si umetusaidia? Hata hii ya makopo imepanda solo." Wakacheka. Waliokuwa na chai waliiweka chini wapate kucheka vizuri. Mimi nikaidaka ile ya pili niiunganishe, sijui nilidhani itaniokoa vipi, nikaiona nyepesi kama kiberiti. Nikaitikisa. Ndani hamna kitu. Umeniletea ganda.

Mjane akasimama. Akajifunga leso, akawaambia, "Asanteni, nimeona." Mimi hakunitazama. Nilimwita mpaka getini, akaenda.

Unajiuliza kwa nini sikukuambia ukweli. Dada yako anauza mboga mbele ya mlango wa mama huyo. Ningekwambia, jioni hiyo Silanga yote ingejua kwamba Khamala anaundiwa ushahidi Kawangware. Sikuuamini ulimi wa dada yako, nikauamini mkono wako. Ulimi wake haukuniponza. Mkono wako umeniponza.

Makumbusho ya Sifuna, ya kutimiza mwaka, ni Agosti hii. Mjane atasimama mbele ya ukoo na kusema ameona kwa macho yake kwamba injini moja inatosha. Baada ya hapo hakuna Mluhya wa pande zetu atakayenipa mkono, na nikifa sijui ni nani atakayechimba kaburi. Umenifanyia hayo kwa sababu ulitaka kuonyesha unaweza.

Takataka yako nimempa Kamene.

Ambrose Khamala

---

Kawangware
26 Machi 1996

Bwana Khamala,

Nilipoisoma barua yako niliacha kazi, nikazunguka soko lote, nikarudi bado nina hasira. Kwa hivyo na mimi nisikilize.

Mtu alikufa, na wewe ukanidanganya kwa watoto. Ungeandika mstari mmoja tu, "Fundi, mwenzangu alikufa na wanasema ni mimi," ningekuundia injini ya haki, inayoteleza pale ya kweli ilipoteleza. Kitu kikishindwa kwa sababu kingeshindwa kweli, hiyo ni kazi, nami ningeifanya kwa heshima. Uliniambia umoja. Umoja gani unaofundishwa kwa mota za kaseti? Niliona mhubiri anayetaka kuwahadaa watoto, nikasema mimi sitakuwa mkono wake. Sikukuharibia kwa makusudi. Nilidhani nakutengenezea.

Sasa ujue ilipandaje. Tumboni mwa ile injini nilimwaga risasi, ile inayotoka kwenye betri za magari zilizokufa, ili iwe nzito ishike reli. Magurudumu niliyavisha mpira, vipande vya tyubu ya baiskeli. Ndiyo sababu ilipanda. Niambie, wewe uliyeendesha: injini ya kampuni huvaa tyubu ya baiskeli?

Hapo ndipo hasira yangu inapohama kwako na kwenda kwa hao waliocheka. Watu wamekaa meza nzima, wana treni yao, wanajua chuma juu ya chuma ni nini. Mbele yao kuna injini imevaa raba kama mwanafunzi, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono akaigeuza aone chini. Hawakuwa na haja ya kuona. Ningeleta hata sanduku la viatu likapanda ule ubao, wangepiga makofi.

Wewe nawe hukuigeuza, lakini wewe ulikuwa unazama.

Nitaunda upya. Injini mbili, za chuma kitupu, bila mpira, bila risasi. Nimeshapata mota mbili zinazokaribiana na nitaziua na kuzifufua mpaka zikubaliane. Kisha nimpelekee yule mama aone.

Andika useme ndiyo.

Mutie

---

Kawangware
9 Aprili 1996

Kwa Mama Valentine, mke wa marehemu Sifuna, Silanga

Mama, pole. Pole yangu imechelewa na inatoka kwa mtu usiyemjua.

Mimi ni Mutie, kaka yake Kamene. Ile treni uliyoiona ikipanda mbele ya wakubwa niliitengeneza mimi. Bwana Khamala aliniagiza injini mbili ambazo moja peke yake ingeshindwa. Hakuniambia ni ya nini, na mimi kwa kiburi changu cha ufundi nikamletea moja inayoshinda na nyingine iliyo tupu. Nilimwandikia nikimwomba ruhusa ya kukuletea ukweli. Wiki mbili sasa hajanijibu. Nimeamua nisimngoje, maana hasira yake ni juu yangu na hii habari ni yako.

Kamene anakuletea ubao, mabehewa na sanduku. Ndani kuna injini tatu. Yenye alama nyekundu ndiyo uliyoiona. Chukua bisibisi niliyokuwekea, ifungue tumbo, uone risasi, kisha uguse magurudumu yake. Hizo mbili nyingine ni mpya, nazo hazina siri. Zifungue pia, usiniamini.

Ubao uuweke vile vile. Mabehewa uyajaze mwenyewe. Usimwite Khamala, usimwite mhubiri, na mimi usiniite. Watu wengi wamekuonyesha mambo tangu mumeo afe. Safari hii uendeshe wewe, kwa injini utakazotaka, moja au mbili, na utakachokiona ni chako.

Mutie Musyoka

---

Silanga, Kibera
12 Aprili 1996

Bwana Khamala,

Fundi wako Mkamba ameniletea sanduku. Nililiweka chini ya kitanda siku mbili nikisema sitaligusa. Jana nililifungua.

Ile nyekundu niliifungua tumbo. Risasi ilitoka kipande kimoja, ikanilemea mkononi. Mpira niliubandua kwa kucha. Nilikaa nimeushika, nikiwakumbuka wale mabwana walivyoweka vikombe chini wapate kucheka. Nilikuwa nimeshukuru, unajua? Niliwaambia asante.

Basi nikaweka ubao. Nikajaza mabehewa. Nikawasha injini moja, mpya. Ilianza vizuri. Ilipofika katikati magurudumu yakawa yanazunguka papo hapo, haiendi, inalia tu, kisha ikaanza kurudi. Behewa la nyuma ndilo lililoanguka. Likadondoka sakafuni na kokoto zake. Sifuna alikuwa anasimama kwenye behewa la nyuma.

Nikaliokota nikarudia. Likaanguka tena lile lile. Sikutaka kuona mara ya tatu.

Halafu nikaunganisha ya pili. Zilisukumana, zikasuasua, kuna mahali nilidhani zitasimama, lakini zilifika. Valentine akaniuliza, "Mami, mbona unalia na imefika?"

Kwa hivyo hukulala. Nimekuamini, na ningeweza kuishia hapo ukashukuru Mungu. Lakini sasa nimekukasirikia kuliko nilipokuwa sikuamini. Nilipodhani ulisinzia, nilikuona mjinga tu. Mtu aliyelala hajui anachofanya. Wewe ulikuwa macho. Wewe ulijua kabla ya fundi, kabla yangu, kabla ya watu wote, kwamba injini moja haifiki juu. Umetuagizia treni nzima ili kutuonyesha jinsi ulivyojua.

Kama ulijua, kwa nini ulipanda na mume wangu nyuma?

Nijibu hilo. Usiniletee kitu kingine cha mabati.

Nasipwondi

---

Soweto West, Kibera
Jumapili, 14 Aprili 1996

Mama Valentine,

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wakubwa waliniuliza nililala saa ngapi. Wazee hawakuniuliza kitu. Wewe umeuliza, nami nitakujibu, ijapokuwa nilikuwa nimeapa swali hili nitakwenda nalo kaburini.

Nilikataa. Nilizima injini nikashuka. Mvua ilikuwa imeanza na reli zinang'aa maji. Nikamwambia msimamizi tungoje ile nyingine itoke gereji, au tupunguze mabehewa. Akasema, "Leta funguo. Majamaa wako gate hapo, wanangoja hiyo job yako." Sikubishana. Nilizitoa mfukoni nimpe. Nakuapia zilikuwa mkononi, nimenyoosha.

Sifuna alikuja kutoka nyuma, akitembea kando ya mabehewa, amejifunika gunia kichwani. Alikuwa amesikia. Akanishika bega, akaniambia, "Wacha ukaidi, mwana wefwe, ndugu yangu. Mungu si Athumani. Wewe vuta, mimi nitashika." Akarudi nyuma kwenye breki yake. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, na kuna kitu alisema akicheka alipokuwa anaondoka, lakini mvua ilikifunika.

Nikapanda. Funguo zilikuwa zangu na mkono uliowasha ulikuwa wangu, sisemi ulikuwa wa mwingine.

Sikusema haya kule kazini kwa sababu nawajua. Ningetamka tu kwamba ni Sifuna aliyesema twende, wangeandika jioni ile ile kwamba marehemu alijitakia, na karatasi hiyo wangekuletea wewe uitie sahihi. Wangeshukuru sana. Na kwenye kaburi, hata kama wangenipa nafasi, ningesimama niseme nini? Nimshtaki mtu aliye ndani ya sanduku? Nilipoitwa muuaji nilikasirika mpaka masikio yakaziba, lakini nilijua jibu nililonalo lingemwangukia yeye. Nikakaa nyuma ya masufuria.

Ndiyo maana nilitafuta treni. Nilitaka kitu kiseme kwamba injini zilikuwa chache, kisiseme zaidi ya hapo.

Sasa umejua. Fanya unavyoona.

Ambrose

---

Silanga, Kibera
17 Aprili 1996

Shemeji Ambrose,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi chini.

"Wewe vuta, mimi nitashika." Hayo ni ya Sifuna. Tulipohamisha kabati kuja hapa Silanga aliniambia hivyo hivyo, nikavuta, hakushika, likaniponda kidole. Ukucha huo mpaka leo haujakaa sawa. Mtu hawezi kuyatunga hayo. Kwa miezi minane nimelala nikijiuliza kama alikufa akiniita, kama alikufa akiogopa. Kumbe alikuwa anakutania kwenye mvua, na maneno hayo ulikuwa nayo wewe, hatua chache kutoka kwangu, umeyafungia. Kwa hilo sijamaliza kukukasirikia. Ulikuwa unamlinda na nani, na mimi?

Yeye pia nimemkasirikia. Nimemwambia jana, kwa sauti, nikiosha vyombo. Lakini wao nimewakasirikia zaidi, maana yeye alisema twende ili kazi isipotee na watoto wakalala njaa, na wewe uliwasha kwa sababu yake, na wao walikuwa na injini gereji na hawakuwa na haraka ya kitu chochote isipokuwa kokoto. Kwao sitaandika barua. Jumatatu nakwenda mwenyewe na ubao mkononi. Getini nitaiendesha treni, waliokuja kutafuta kazi waione kwanza.

Kisha Agosti tunakwenda nyumbani. Nitabeba zile injini mbili za haki, na mwambie Fundi Mutie aje yeye mwenyewe aziangalie, nauli nitajua. Wewe na yeye mpatane njiani, safari ni ndefu. Siku ya makumbusho itapanda kwanza na moja. Nataka wale wote walioitikia neno la muuaji waangalie behewa la nyuma. Baada ya hapo itapanda na mbili, kisha usimame mahali ulipotakiwa kusimama mwaka jana, useme alichosema, neno kwa neno, na useme kwamba alicheka.

Nimeshampigia simu kaka yake Sifuna. Amenijibu kwamba mjane hapangi watakaozungumza kwenye makumbusho. Nimemrudishia jibu kwamba mjane ndiye atakayepika siku hiyo, na ambaye hataki kukusikiliza atakwenda kula kwake.

Nasipwondi, mke wa Sifuna